Katriji ya Jumatano

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya kwenye barua ile hakikuwa maneno. Maneno alikuwa bado hajayafikia, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kutembea, si kwa kukimbia. Alichokiona ni wekundu. Chini ya kila herufi, kwenye miguu yake, palikuwa na uzi mwekundu mwembamba kama unywele, kana kwamba herufi zote zimekanyaga rangi mbichi.

Aliisogeza barua dirishani. Uzi ulikuwepo kwenye mstari wa kwanza, ulikuwepo kwenye wa mwisho.

"Unaisoma au unainusa?" Inspekta aliuliza kutoka kwenye meza yake. Alikuwa amestaafu upolisi miaka tisa iliyopita, lakini cheo kilikataa kumtoka, na ofisi yake ya upelelezi wa kukodiwa ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Kimya aliingia humo kufagia, miaka minne iliyopita. Sasa alikuwa anafagia na kupeleleza, na sifa alichukua Inspekta.

"Naisoma, Mzee."

"Basi nisomee."

Alisoma polepole, kidole kikitangulia. "'Mimi nesi wa zamu ya Jumatatu nakiri kwamba nilichanganya chupa za dawa kwa uzembe wangu mwenyewe. Mgonjwa wa kitanda cha nne nilimchoma dawa isiyo yake. Naomba msamaha.'" Chini palikuwa na jina la Nesi kwa herufi za kuchapwa. Sahihi hapana.

Mgonjwa wa kitanda cha nne alikuwa hajafumbua macho hadi asubuhi hiyo. Barua ilionekana Jumatano alfajiri kwenye ubao wa matangazo wa kliniki, na Nesi mwenyewe ndiye aliyeibandua. Aliapa hajawahi kuiandika. Leo ilikuwa Jumatatu nyingine, na saa nane mchana kamati ya kliniki ingekaa kuamua kama imkabidhi polisi.

"Tatizo la mteja wetu ni moja," Inspekta alisema. "Printa ya kliniki ni ya wino wa unga. Hii ni ya wino wa maji. Ijumaa wafanyakazi wote waliandikishwa nani ana printa nyumbani. Ishirini na wawili wakaandika hawana. Mmoja akaandika anayo."

"Nesi."

"Nesi. Mkwe wangu wa dirisha la dawa ndiye aliyenipatia nakala ya ile orodha. Kijana muungwana yule." Inspekta alitazama saa ya ukutani. "Saa tatu na robo. Una neno?"

Kimya alichovya ncha ya leso kwenye glasi ya maji, akaigusisha kwenye pembe ya neno "msamaha". Alihesabu hadi kumi. Herufi ikavimba, ikafunguka, na weusi wake ukagawanyika: buluu ikaenda huku, nyekundu ikaenda kule, na katikati pakabaki doa la njano.

"Hakuna weusi humu, Mzee," alisema kwa sauti ya chini, akiambia leso. "Wameukoroga kwa rangi tatu. Printa hii haikuwa na wino mweusi."

Inspekta alivaa miwani, akaangalia, akavua. "Nenda kwa Nesi. Ukiikuta printa yake ina weusi mzima, tuna cha kusema. Mimi naenda kliniki kusoma faili. Tukutane huko saa saba na nusu. Usichelewe."

*

Nesi aliishi kwenye nyumba ya vyumba viwili pamoja na mama yake na kaka yake seremala. Printa ilikuwa sebuleni juu ya cherehani ya mama, imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Macho ya Nesi yalikuwa mekundu, lakini sare yake ilikuwa imepigwa pasi na imening'inizwa mlangoni, tayari.

"Karibu, mdogo wangu. Ichunguze unavyotaka."

Kimya aliwasha mashine, akatoa karatasi moja ya majaribio. Herufi zilitoka nyeusi tii. Aliziloweka kwa leso. Zilitoa weusi tu, kama maji ya masizi. Akashusha pumzi.

"Umetumia wino huu tangu lini, dada?"

Nesi alisita. "Tangu Alhamisi."

"Alhamisi hii iliyopita?"

"Ndiyo. Nilitaka kuchapa barua ya kujitetea. Mashine ilikuwa haina wino, nikamtuma kaka."

Kimya alikiweka chini kikaratasi alichokuwa amekishika. Barua ilibandikwa Jumatano. Alhamisi mshitakiwa akabadilisha wino. Kamati ingelisikia hilo mara moja tu, na kazi ingekuwa imekwisha.

"Kabla ya Alhamisi, mashine ilikuwa haina wino gani?"

"Mweusi ulikuwa umekwisha kabisa."

"Na wa rangi?"

"Sijui, mdogo wangu. Sichapi picha mimi."

Mweusi umekwisha, wa rangi hajui. Kila jibu lilikuwa linaikaza kamba. Kimya alikuwa ametoka ofisini kutafuta jambo la kumtoa mtu, na sasa alikuwa amelipata la kumfunga.

"Katriji za zamani, vile vikasha vya wino, ziko wapi?"

"Alizichukua fundi!" Seremala aliingia akijikung'uta unga wa mbao, penseli sikioni. "Nikusimulie, shemeji. Nimezunguka Alhamisi nzima kutafuta wino wa bei rahisi. Duka la kwanza wananiambia orijino tu. Nikauliza bei. Nikamwambia yule kijana, ndugu yangu, nimekuja kununua wino, sikuja kuposa! Kwa pesa ile nanunua printa nyingine, na redio juu."

"Kaka, jibu ulichoulizwa," Nesi alisema.

"Najibu. La pili wana za kufanana na orijino, mpya, lakini za namba yetu hawana, mashine yetu ya zamani. La tatu ndiyo nikamkuta fundi. Yeye ana zile zilizokwisha, anazijaza upya. Ukimpa ya kwako tupu anakupunguzia. Nikampa zote mbili, nyeusi na ya rangi."

Kimya alisimama. "Huwa anafanya nini na zile tupu?"

"Anaziosha, anazijaza, anamuuzia mwingine. Si nimekwambia?"

"Anaziosha siku gani?"

Seremala alitoa penseli sikioni, akaitazama kama vile jibu limeandikwa humo. "Sikumuuliza."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasorobo.

*

Seremala hakulikumbuka jina la duka. Alikumbuka pazia la buluu na ngazi iliyovunjika. Ngazi zilizovunjika zilikuwa nyingi. Mlango wa kwanza wenye pazia la buluu ulikuwa wa kinyozi. Wa pili kweli ulikuwa wa wino, na kijana aliyeketi ndani, vidole vyeusi hadi kwenye kifundo, alipoulizwa habari za katriji tupu alicheka.

"Tupu? Hapa hailali. Ikiingia asubuhi, mchana imeoshwa na jioni imeuzwa."

Kimya alitazama rafu. Akamgeukia Seremala. "Kaka, mtu aliyekuuzia ni huyu?"

"Huyu? La hasha. Wa kwangu ana kipara na anakohoa."

"Huyo ni mzee wa kule nyuma ya maduka ya uchapaji," kijana alisema kwa dharau. "Yule ana masharti kama ya benki. Mtaumia miguu."

Waliumia miguu. Ilikuwa saa sita na dakika kumi walipoipanda ngazi iliyokosa kidato cha tatu. Fundi wa wino alikuwa mtu wa makamo, mwenye kipara, na alikuwa anakohoa. Mbele yake palikuwa na bomba za sindano zilizojaa rangi, zimepangwa kama za hospitali.

"Shikamoo, fundi," Kimya alisema.

"Marahaba, binti. Huyu seremala namjua. Imevuja?"

"Haijavuja, mzee wangu. Huyu binti anataka kuona zile tupu zangu," Seremala alisema. "Usiniambie umeshaziosha, nitalia hapa hapa na nina ndevu."

Fundi alimtazama Kimya, si Seremala. "Mimi sizigusi mpaka zipite siku saba. Nikikupa iliyojazwa, ikagoma, unarudi nakurudishia ya kwako. Ndiyo dhamana yangu. Vijana wa siku hizi wanaosha papo hapo, mteja akirudi wanamtolea macho."

Alivuta boksi la viatu kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na katriji kama thelathini, kila moja imefungwa mfuko wa nailoni na kubandikwa utepe wa karatasi wenye maandishi ya kalamu. Akazichambua, akatoa mbili. Kwenye utepe paliandikwa: *Seremala. Alhamisi.*

"Naomba ya rangi," Kimya alisema. "Ibonyeze kwenye karatasi yenye maji, tafadhali."

Fundi alikunja karatasi laini, akailowesha, akaibonyezea mdomo wa katriji. Alisubiri. Akabonyeza tena, kwa nguvu. Karatasi ilibaki nyeupe. Akakivunja kifuniko kwa bisibisi, akaonyesha ndani. Sifongo tatu zilikuwa zimesinyaa na kugeuka ngumu.

"Hii ilikufa zamani. Miezi minne, mitano. Wino haukauki hivi kwa siku mbili."

"Jumanne iliyopita isingeweza kuchapa?"

"Binti, hii isingeweza kuchapa hata nukta."

Seremala alipiga kofi mezani, sindano zikarukaruka. "Umesikia? Umesikia, shemeji? Naenda kumwambia mdogo wangu! Mama yangu tangu Jumatano hajala!" Akaiteremka ngazi mbio, akakisahau kidato kinachokosekana, wakamsikia akikilaani hadi barabarani.

Kimya hakuondoka. Aliitazama katriji iliyovunjwa, kisha boksi.

"Fundi, katriji za namba hii huletwa na watu wengi?"

"Hapana. Mashine zenyewe zimeshazeeka. Kwa mwezi, watu wawili watatu."

"Wiki iliyopita?"

Alichambua tena, bila haraka, akikohoa. Akatoa mfuko mmoja mdogo na kuuweka mezani. Ndani mlikuwa na katriji moja tu, nyeusi. Utepe ulisema: *Dawa. Jumatano.*

"Dawa ni nani?"

"Yule wa dirisha la dawa pale kliniki. Kila mwezi ananipa vidonge vyangu vya presha, kwa hiyo namwita Dawa. Alikuja Jumatano asubuhi kabla sijamaliza kufagia. Alitaka nyeusi ya bei rahisi. Nikamwambia nipe tupu yako nikupunguzie. Alikuwa nayo mfukoni." Fundi akacheka. "Halafu akanilalamikia."

"Alilalamikia nini?"

"Kwamba jana yake nyeusi ilimwishia, akaichomoa, akachapa kwa ile ya rangi, maandishi yakatoka na kivuli chekundu kwa chini. Nikamwambia hiyo ya rangi imekaa upande, aiweke upya ikae sawa. Mbona umesimama hivyo, binti? Kaa."

Kimya hakukaa. Aliifungua barua kutoka kwenye bahasha, akaiweka mbele ya fundi, akaifunika kwa kiganja ibaki mistari miwili ya juu. "Kivuli kama hiki?"

Fundi alishusha miwani. "Hiki hiki."

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Nikiulizwa. Kwa nini nifiche? Ni wino tu." Kisha akamtazama vizuri usoni, na kicheko kikamwishia. "Si wino tu?"

"Si wino tu, fundi."

Fundi alimpa mfuko wa Jumatano, na wa Alhamisi, na namba yake ya simu kwenye kipande cha utepe. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tano.

*

Ukumbi wa kliniki ulinuka sabuni ya kuoshea sakafu. Inspekta alikuwa amesimama mwisho wa korido, faili kwapani. Kimya alimweleza kila kitu kwa mpangilio, kwanza Alhamisi, halafu Jumatano, kwa ile sauti yake ya kuambia ukuta. Aliposema neno "Dawa" Inspekta aliacha kuitikia kwa kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi. Lakini hajui anachokijua."

"Seremala?"

"Aliondoka kabla."

Inspekta aliunyoosha mkono, Kimya akamkabidhi mfuko wa Jumatano. Aliugeuza, akausoma utepe, akautia mfuko wa koti.

"Ile ya Alhamisi inatosha," alisema. "Printa ya Nesi ilikuwa mfu. Tutasema hivyo, atatoka, tutakwenda zetu nyumbani."

"Haitatosha, Mzee. Watauliza ni ya nani."

"Watauliza, sisi tutanyamaza." Alisogea karibu. "Yule ni baba wa wajukuu zangu. Binti yangu yuko ndani ya nyumba ile. Unaelewa ninachokuambia?"

"Naelewa."

"Basi."

Mlango ukafunguliwa, karani akawaita.

Wajumbe walikuwa watano, katikati yao mwanamke mnene mwenye kalamu mbili, ambaye wote walimwita Mama Mwenyekiti. Nesi aliketi upande, amevaa ile sare yake, na kaka yake nyuma akitabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda. Dirishani aliketi mfamasia, mkwe wa Inspekta, na daftari la dawa magotini. Alikuwa kijana nadhifu, kola nyeupe, kucha zimekatwa. Alimsalimu baba mkwe wake kwa kuinamisha kichwa.

Inspekta alizungumza vizuri. Alionyesha katriji iliyovunjwa, sifongo zilizokauka, akaeleza jinsi barua ilivyochapwa kwa rangi tatu. Alipomaliza Seremala alisema "Haya!" kwa sauti, na karani akamkanya.

Mama Mwenyekiti aliandika, akaweka kalamu chini.

"Inspekta, nakuheshimu. Lakini umeniambia tu kwamba barua haikutoka nyumbani kwake. Mtu anaweza kwenda kuchapa popote. Ndani ya barua kuna kitanda, kuna dawa, kuna siku ya zamu. Mtu wa nje hayajui haya. Na wa ndani wote wameandika kwa mkono wao kwamba hawana printa." Akageuka. "Mfamasia, wewe uliandika nini?"

"Sina printa, Mama," mfamasia alisema, bila kupepesa macho. "Kama tulivyoandika wengi wetu."

"Umesikia, Inspekta. Basi ni printa ya nani?"

Inspekta aliupitisha ulimi kwenye midomo. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa koti, umetulia pale kama umeshikwa na usingizi.

"Hatujui, Mama Mwenyekiti."

Nesi aliitazama sakafu. Seremala hakutabasamu tena. Alikuwa anamtazama mdogo wake, kisha Inspekta, kisha mdogo wake.

"Kwa hiyo sina njia," Mama Mwenyekiti alisema. "Mgonjwa yuko vile alivyo, na ndugu zake wako nje ya geti. Karani, piga simu kituoni. Waje wamchukue."

Karani akanyanyua simu.

Kimya alisimama. Kiti chake kilikwaruza sakafu, na sauti ile ikawa kubwa kuliko zote alizowahi kutoa mbele ya watu. Hakumtazama mfamasia. Alimtazama Mama Mwenyekiti, mahali pa katikati ya macho.

"Ipo katriji ya pili," alisema. "Iko kwenye mfuko wa kulia wa koti la Mzee. Ilipelekwa kwa fundi wa wino Jumatano asubuhi. Aliyeipeleka alimwambia fundi kwamba jana yake alichapa kwa rangi, maandishi yakatoka na kivuli chekundu. Kiangalieni kwenye barua, kipo. Namba ya fundi ninayo hapa. Karani asiwapigie polisi kwanza. Ampigie fundi, amuulize aliyeipeleka ni nani na anafanya kazi dirisha gani, maana chupa za dawa hutoka dirishani kabla ya kumfikia nesi."

Daftari la dawa lilianguka. Hakuna aliyeliokota.

Karani alibaki na simu hewani. Mfamasia alikuwa amesimama nusu, mkono mmoja ukiwa kwenye ukingo wa dirisha, kola yake nyeupe ikipanda na kushuka.

"Ni uongo," alisema. "Baba, mwambie. Huyu si mfagiaji wako huyu? Hata shule hakumaliza!"

"Kaa chini," Mama Mwenyekiti alimwambia, bila kupaza sauti. Kisha akamgeukia Inspekta, kwa heshima ile ile ya mwanzo, kama watu wote walivyokuwa wakifanya kwa miaka yote. "Inspekta. Ni kweli anayosema binti huyu?"

Inspekta alifungua mdomo. Alimtazama mkwe wake, akamtazama Kimya, na macho yake yalikuwa yanaomba. Chumba kizima kilimsubiri yeye.

"Mama Mwenyekiti," Kimya alisema, "usimuulize Mzee. Hakuona yeye. Wekundu niliuona mimi, fundi nilimpata mimi, na yote aliyowahi kuwaambia watu kwa miaka minne niliyaona mimi. Niulizeni mimi."